Mifupa ya mlimani: itafutwe au iachwe?

Juzi hapa Jaws Corner, baraza yetu ya kahawa Mji Mkongwe Zanzibar, kahawa ilipoa watu wanabishana. Mmoja kaleta habari ya ndege ya vita ya Wamarekani, B-24, iliondoka Kunming China tarehe 25 Januari 1944 inarudi Chabua India na watu wanane ndani, ikapotelea milimani huko Himalaya, haikuonekana tena mpaka 2006 alipofika Mmarekani mmoja, Clayton Kuhles, tena kwa kuoneshwa na wenyeji wa Arunachal, jimbo la India huko milimani. Suala likawa: miaka yote hiyo, kuna haja gani ya kufukua mifupa yao?

Wanaosema iachwe tusiwabeze. Njia ile ya angani juu ya Himalaya ilimeza ndege zaidi ya 500, na Wamarekani ambao hawajapatikana tangu Vita vya Pili vya Dunia ni zaidi ya 70,000, utamaliza lini? Serikali yao inatoa zaidi ya dola milioni 100 kila mwaka kutafuta waliopotea vitani. Mzee mmoja akaruka, ati pesa hizo si tungejenga skuli Pemba nzima! Mzee wangu, pesa zenyewe si zetu. Ila hoja yake nyengine nzito: unapandisha wazima kwenye majabali na maporomoko kwa ajili ya waliokwishakufa, na mizigo inabebwa na wanakijiji. Halafu siasa, eneo lile China inalidai, India ikawa inasitasita kuruhusu msako miaka kadhaa, mabaki yakaja kukabidhiwa 2016 na mwaka wa pili yake luteni mmoja wa ndege ile akazikwa kwao Georgia.

Mie lakini siwezi kukaa upande huo, maana sie ni watu wa Spice Islander. Meli ile ilizama Septemba 2011 inakwenda Pemba, waliletwa wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini, mkondo na kina vikawashinda, mamia wakabaki huko huko chini. Jirani yetu mmoja wiki ile hakumlilia mumewe tu, alikuwa anauliza eda aanze kuihesabu lini, siku meli ilipozama au siku waliposema basi hatutafuti tena? Miezi minne na siku kumi, lakini kuanzia wapi? Kila simu ikilia anainuka. Sasa mtu kama huyo umwambie mifupa haina faida, utaanzia wapi yakhe?

Kwa hiyo mie nnasema itafutwe, ila kwa mtu, si kwa chuma. Maana wapo wanaopanda kutafuta propela ya kupamba ukumbini na bunduki ya kuuza, hao ni wezi wa makaburi tu, hata wavae kofia gani. Na mwenyeji aloonesha njia asiishie kulipwa ya kubeba mizigo, jina lake liandikwe kwenye ripoti juu kabisa, bila yeye hao wataalamu wangekuwa bado wanazunguka na ramani zao.