Jogoo wa Marehemu

Wamekata tena. Kirumba giza, jenereta za baa zinaunguruma, na mimi mtu mzima na ndevu zangu nimekumbatia mashine ya kutotolesha, nimeifunika kila blanketi la nyumba hii. Mke wangu kajifunika kitenge. Kanuna, na haki yake.

Mashine inataka nyuzi 37.5. Siku 21 mfululizo. Jamani, hapa kwetu ni kitu gani kimewahi kutulia siku 21? Maji ya bomba? Bei ya sukari? Tetea anaatamia kimya kimya wala haulizi luku, lakini mimi nilijifanya msomi.

Kijana wa chipsi naye ananiuliza kama yai lake likibaki naweza kumwangulia. Nimemwacha hivyo hivyo.

Balaa ni mama mwenye nyumba. Kaniletea mayai yake kwenye beseni: "Baba Neema, niwekee na yangu, si yanakaa tu humo?" Kodi ninadaiwa. Ningesemaje?

Siku ya saba mayai yanamulikwa, na yeye akaja na ukoo. Nikafunga pazia, nikazima taa, nikashika tochi kwa heshima zote kama daktari wa zamu. Nikaanza na langu, tochi kwenye upande butu. Vimishipa vyekundu hivyo, vyembamba, vimetawanyika, na katikati kitone cheusi kinatikisika. Watoto wakapiga kelele.

Nikachukua lake. Mwanga ukapita moja kwa moja. Jeupe. La pili, jeupe. La tatu, hivyo hivyo.

"Mbona hamna kitu?"

"Mama, haya hayana mbegu."

Kimya.

"Unasema jogoo wa marehemu hana mbegu?"

Nikataka kueleza. Wapi! Yule jogoo, marehemu mumewe alimtoa Magu mwenyewe, kumgusa ni kugusa msiba. Mama akaagiza shahidi aletwe. Mjukuu akamburuta kutoka bandani na usingizi wake, akamsimamisha mezani. Mimi nikateleza, tochi ikammulika usoni. Jogoo akadhani kumekucha. Akawika mpaka bati likaitikia.

"Hiyo ni sauti ya mgonjwa?" mama akauliza.

Wote wakanitazama mimi.

"Na haya yako yenye mishipa, ni ya kuku gani?"

"Wangu, Mama. Wale matetea watatu."

"Wewe una jogoo?"

Sina. Na anajua sina, maana nilipotaka kununua alinikataza, eti jogoo wawili uani watapigana.

"Basi hawa watoto ni wa jogoo wangu. Nusu ya vifaranga ni yangu."

Nikajikakamua, nikasema kwa sauti ya mahakamani: "Mama, kama ana mbegu, mbona mayai ya kwako meupe?"

Mke wangu, ambaye jioni nzima hakufungua mdomo, akadakia kutoka jikoni: "Kwake hafanyi kitu, kwa jirani ndiyo anajituma. Wote ndivyo walivyo."

Sasa mimi naingiaje hapo? Nimeshika tochi tu!

Mayai meupe kagoma yasitolewe, anasema yanachelewa kama mjukuu wake alivyochelewa kutembea. Yataoza humo, yatapasuka, yatanichafulia yenye uhai, na lawama nitabeba mimi. Umeme nilipie mimi, maji ya unyevu nijaze mimi, kugeuza nigeuze mimi usiku wa manane, halafu nusu iende kwa urithi wa marehemu!

Na hivyo vifaranga vikitoka vitakula nini? Leo nimeshuka soko la Mwaloni kuulizia dagaa wa kuku, wale wenye mchanga. Hata hao bei imepanda. Na ile sado ya kupimia, kitako kimebonyezwa kikaingia ndani karibu nusu. Nikamwambia, dada, hii sado yako imebonyea. Akaitazama, akanitazama.

"Imezaliwa hivyo hivyo, kaka. Nikupimie ngapi?"