Taa ya Nyumbani Isiombe Ruhusa kwa Seva ya Mbali

Nyumba nyingi zenye taa janja nilizoingia hapa Dar es Salaam zinafanana kwa jambo moja: swichi ya ukutani imebandikwa selotepu. Nyingine zina na karatasi juu yake, USIZIME. Balbu inayoamrishwa kwa simu inahitaji umeme muda wote ili isikie amri; ukizima swichi umeikatia umeme na simu haiioni tena. Basi mwenye nyumba anaifunga swichi, na kuanzia siku hiyo mwanga wa nyumba nzima unakaa mfukoni mwake.

Mpangilio huo naupinga, na naupinga nikiwa mtu ninayezipenda sana taa hizi.

Rafiki yangu wa Mbezi alitembelewa na mama mkwe, kaja kumwangalia mjukuu aliyezaliwa. Usiku mama akataka kwenda chooni. Selotepu akaiona, maandishi akayasoma, akaogopa kugusa kitu cha watu. Ikabidi agonge mlango wa chumba cha mkwewe: "Samahani baba, taa ya chooni inawashwaje?" Anayejua heshima iliyopo baina ya mkwe na mama mkwe ataelewa uzito wa swali hilo saa nane za usiku. Mama yule hakukosea popote. Taa ilifungwa kwa ajili ya mtu mmoja, na nyumba ina watoto, dada wa kazi, na wageni ambao hawawezi kuwekewa programu kwenye simu kila wanapopiga hodi.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: mkono ukigusa ukuta, taa iwake. Simu ije baadaye.

Sharti la pili linahusu njia ambayo amri inapitia. Kwa balbu nyingi za bei nafuu za waifai, ukibonyeza kwenye simu amri inatoka kwenye ruta yako, inakwenda hadi seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, iliyo nchi nyingine, seva inaikagua akaunti yako, kisha amri inarudi kwenye ruta ileile na kuifikia balbu iliyo juu ya kichwa chako. Intaneti ikiwa nzima, hutahisi safari hiyo. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Umeme ulikuwepo, balbu nzima, simu ina chaji. Ila taa ya namna hiyo ilikuwa inangoja jibu kutoka ng'ambo ya bahari. Na si lazima mkongo ukatike. Bando likiisha usiku, hali ni hiyohiyo.

Kampuni nayo inaweza kuondoka. Insteon, kampuni ya vifaa janja vya nyumbani ya Marekani, ilikuwa na wateja wa miaka mingi. Aprili 2022 seva zake zilizimwa bila taarifa, na watu wakakuta programu zao za simu hazifanyi kazi. Swichi zao za ukutani ziliendelea kuwasha taa kama kawaida, na wale waliokuwa wameunganisha vifaa vyao na programu inayoendeshwa ndani ya nyumba waliendelea bila shida. Baadaye mwaka huohuo kundi la wateja likainunua kampuni na kurudisha huduma. Nafurahi kwa ajili yao, ila sidhani kama mtu anaponunua balbu anapaswa kujiandaa kununua na kampuni.

Na njia ya kuepuka haya ipo, tena si mpya. Philips Hue walipotoka Oktoba 2012 walikuja na kisanduku kinachochomekwa kwenye ruta. Simu iliyo ndani ya nyumba inaongea na kisanduku, kisanduku kinaongea na balbu kwa Zigbee, mawimbi ya redio ya masafa mafupi, na intaneti ikikatika taa zinaendelea kutii. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2022, kikatoka kiwango cha pamoja kinachoitwa Matter, kikiungwa mkono na Apple, Google, Amazon na Samsung, na kimejengwa juu ya wazo hilohilo la vifaa kuongea vyenyewe ndani ya nyumba. Alama yake ni mishale mitatu inayoelekeana katikati. Ukienda Kariakoo itafute kwenye boksi. Muuzaji akikwambia balbu yake "inafanya kazi popote duniani", muulize inafanyaje kazi sebuleni intaneti ikiwa imekatika.

Muulize na jambo jingine: umeme ukikatika ukarudi, taa inarudi vipi? Balbu nyingi zikipata umeme upya zinawaka moja kwa moja kwa mwanga wote. Kwetu umeme ukirudi saa tisa usiku, nyumba nzima inaamka, mtoto analia, na mtu anapapasa simu aanze kuzima chumba kimoja kimoja. Chagua yenye mpangilio wa kubaki ilivyokuwa kabla umeme haujakatika.

Suala la LUKU, umeme wa kulipia kabla, halinitishi sana. Balbu iliyozimwa kwa simu bado inakula kama nusu wati, ambayo kwa mwaka ni uniti nne na kitu. Ukiwa na balbu kumi ni zaidi ya uniti arobaini, kitu cha kujua tu kabla ya kujaza nyumba.

Simu ina mahali pake, na hapo naitetea kwa moyo wote. Mgonjwa aliyelala kitandani, mtu wa kiti cha magurudumu ambaye swichi imewekwa juu kupita mkono wake, bibi ambaye magoti yamechoka: hao kuwasha taa bila kumwita mtu ni utu wao umerudi. Taa ya getini mwenye nyumba akiwa safari, nayo ina maana. Nisichokubali ni mtoto aliye Muscat au London kuwa yeye peke yake ndiye mwenye uwezo juu ya taa za nyumba anayoishi mama yake Tanga.

Suluhisho ninalolipenda ni kuiacha balbu iwe ya kawaida na ujanja uwekwe kwenye swichi. Swichi janja inabonyezwa kwa kidole na yeyote, inasikia simu pia, na balbu ikiungua unanunua nyingine dukani kwa mangi. Kikwazo ni waya. Katika nyumba zetu nyingi nyutro, waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, inaishia darini kwenye taa. Kwenye swichi zinashuka waya mbili tu, laivu inayoleta umeme na ile inayorudi kwenye balbu. Swichi janja inahitaji umeme wake yenyewe ili ibaki hewani, na kwa hilo inataka nyutro. Zipo zinazojidai hazihitaji: zinapitisha umeme kidogo kwenye balbu hata ikiwa imezimwa, na balbu ndogo ya LED inabaki ikififia gizani au inapepesa. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, fundi mzuri anaweza kuweka rilei ndogo, kifaa kinachowasha na kuzima taa kwa amri ya simu au ya swichi, juu darini, palipo na nyutro, na swichi ya zamani ikabaki ukutani ikifanya kazi yake.

Kama nyumba yako haijapigwa plasta, ongea na fundi umeme wiki hii ashushe nyutro kwenye kila kisanduku cha swichi, hata kama taa janja huna mpango nazo kwa sasa. Ni waya mmoja zaidi kwenye bomba lilelile. Rangi ya mwisho ikishapakwa, kama bomba limebana, itabidi ukuta uchimbwe upya.