Tamthilia ya Ubavu

Boksi lenyewe, lile la Android la kuchomeka kwenye TV, nililinunua Kariakoo. Juu ya kasha kumeandikwa Android 12, RAM GB 8. Nilipofika nyumbani nikaweka programu ya kupima, ikaniambia ukweli: Android 7, RAM GB 2. Boksi lilikuwa limepunguza umri kama mchezaji wa timu ya vijana chini ya miaka 17.

Mtu mwenye akili zake angelirudisha dukani. Mimi nikaona ndiyo nafasi ya kuonyesha ufundi. Nitaliruti, yaani nivunje kufuli za mtengenezaji, niyafyeke yale matangazo yanayorukaruka, niweke ile programu iitwayo Kodi isome filamu zangu zote, halafu (tamaa ndiyo iliyoniponza) niondoe nembo inayotokea likiwaka, patokee maneno KARIBU KWA BABA NASRA.

Ili boksi likubali kuflashiwa, yaani kufutwa na kupakiwa programu mpya, kuna kitufe cha kubonyeza, nacho kimefichwa ndani kabisa ya lile tundu la AV. Hakifikiki kwa kidole wala kwa bisibisi. Mafundi wote hutumia kijiti cha meno. Mama Nasra akanikuta nimelala kifudifudi sakafuni, jicho moja nimelifumba, nachokonoa.

"Baba Nasra, na boksi nalo limekwamwa na nyama?"

Sikumjibu. Nilikuwa na tatizo la waya: kompyuta na boksi vyote vinataka ile ncha bapa ya USB, na waya wenye ncha bapa pande zote mbili mtaani kwetu hakuna duka lililowahi kuusikia. Nikakata waya mbili za zamani nikaziunga: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nyeupe na kijani vivyo hivyo, nikazungushia solotepu hadi pakavimba kama mguu uliofungwa na mganga wa mifupa. Ukafanya kazi! Asilimia 10. Asilimia 40. Ilipofika 71, luku ikaisha.

Aliyeagizwa anunue umeme tangu asubuhi ni mimi.

Uniti zilipoingia, boksi likabaki na kitaa chekundu tu. Programu yake ya awali sikuwa nimeinakili popote. Ilikuwa saa kumi jioni. Mama mkwe alikuwa amewasili jana yake kutoka Tanga, na tamthilia yake inaanza saa mbili usiku. Na king'amuzi? Nilikuwa nimeacha kukilipia mwezi mzima, nikitamba kwamba nyumba yenye boksi haihitaji king'amuzi.

Nikaparamia mtandaoni kutafuta faili la kulifufulia. Nikapata moja lenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ubao wa boksi langu, isipokuwa herufi ya mwisho. Herufi moja ni kitu gani, ndugu yangu? Saa mbili kasoro dakika kumi boksi likawaka, nikaruka kwa furaha hadi nikapiga goti kwenye stuli.

Likawaka kwa Kichina. Na likawaka kwa ubavu.

Kumbe faili lilikuwa la yale maskrini marefu ya matangazo yanayosimamishwa milangoni mwa maduka makubwa. Picha yote imelala. Wi-Fi hakuna, nikavuta waya kutoka kwenye ruta. Rimoti nayo imehamisha vitufe: ukiongeza sauti, boksi linazimika. Nikachomeka kipanya, nacho kikawa kimelewa. Nikisukuma juu, mshale unakwenda kushoto. Nikabahatisha michoro ya Kichina mpaka tamthilia ikatokea, mwanamke mrembo analia, machozi yanamtiririka kuelekea ukutani.

Mama mkwe akatazama. Akainamisha kichwa. Kisha bila neno akatandika mkeka, akavuta mto, akalala ubavu. Nasra akajilaza nyuma yake, na Mama Nasra nyuma ya Nasra, wamepangana kama samaki kwenye kikaango.

Mimi sasa nifanyeje? Mkwe gani anajitandaza mkekani mbele ya mama mkwe? Nikasimama mlangoni nimepinda shingo kama kuku anayemchungulia mwewe, na kila sauti ilipokuwa ndogo nilitumwa niiongeze.

"Iongeze tena, mwanangu."

"Mama, nikiongeza litazima."

"Haya basi. Angalau mgongo wangu umepumzika. Kule kwangu nakaa kwenye kiti mpaka kiuno kinauma."

Nikadhani ananisitiri. Amerudi Tanga wiki tatu sasa, na juzi usiku kapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka.

"Baba Nasra, jirani yangu hapa ana boksi kama lako, ila lake picha imesimama. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mkwe wangu ni fundi, akija Idi atalilaza."