Mkono Ukiamua Wenyewe

Jamani, nimechoka. Mtu ukiwa na kipaji Mwanza hii, adui wako wa kwanza ni jiko lako mwenyewe.

Nilielezwa kuwa sanaa ya picha za kubandika haitaki penseli wala mpango. Unakusanya vitu vya asili, unashika gundi, unauacha mkono uende unakotaka. Basi Jumamosi alfajiri nikashuka mwaloni Kirumba na ndoo. Nikaokota magamba ya sangara, mizizi ya magugu maji, vipande vya nyavu, mchanga. Mama mmoja muuza dagaa akaniuliza, "Baba, unafuga bata?" Nikanyamaza. Msanii habishani.

Nyumbani nikatandaza boksi la friji uani, nikapaka gundi ya mbao, nikanyunyiza vumbi la mkaa, nikamwaga rangi ya bluu. Kichwani nilikuwa na yule mjusi wa mawe yetu, dume, kichwa chekundu na kiwiliwili cha bluu, anavyopiga pushapu juu ya jiwe utadhani anadai kodi. Lakini mkono ukamkataa mjusi. Ukaenda kwenye ungo wa dagaa. Nikawabandika safu kwa safu, vichwa upande mmoja, vile vijicho vyeusi vikinitazama. Nikarudi nyuma hatua tatu: ziwa hilo! Likakosa mwezi tu. Juu ya kabati nikakuta kitu kikavu, cha manjano, kinapitisha mwanga. Nikakibandika.

Mama Neema akatoka.

"Baba Neema, hao dagaa?"

"Ni mawimbi."

"Mawimbi tunayaunga na nyanya au na karanga?"

Nilipoenda kunawa mikono, paka akala mawimbi yote ya kushoto, pamoja na gundi. Hilo ningelimeza. Ila jioni akaja shemeji, akasimama mbele ya picha, akashika kiuno. Nikajua sanaa imemgusa.

"Shemeji, unajua bei ya huo mwezi?"

Kumbe lilikuwa bondo la sangara! Kile kibofu cha hewa cha samaki, Wachina wanachokinunua kwa bei kubwa kuliko samaki mwenyewe. Alikuwa amelitunza, anasubiri mnunuzi. Amelibandua kwa kisu, mnunuzi kaligeuza mara mbili: la bluu hapokei.

Picha ipo uani, imeegemea tenki. Ina tundu penye mwezi na alama za meno kushoto. Elfu thelathini, maongezi yapo. Ila mnunuzi apitie mlango wa nyuma. Shemeji kakaa pale mbele tangu asubuhi.