Nilitoboa Bidoni kwa Makusudi

Hapa Goma, mtu akikuona unatoboa bidoni (dumu) nzima ya lita 20, ya njano, isiyo na ufa hata mmoja, hakuulizi kwa nini. Anakwenda kumwita mtu wa kwenu. Mimi nilitoboa sita asubuhi moja, kwa msumari niliouchoma kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, na kila tundu lilitoa moshi na harufu iliyowaleta watoto wote wa parseli, yaani kiwanja tunachokaa.

Sababu nilikuwa nayo. Parseli yetu imekaa juu ya lava ya 2002, ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo. Ukipiga jembe unapata cheche, udongo hupati. Udongo wa mboga tunaununua kwa gunia, unaletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na ukishaumwaga juu ya lile jiwe, maji ya asubuhi yanapenya kwenye nyufa na kwenda zake. Kiangazi kizima, Juni mpaka Agosti, nilikuwa nanunua maji ya kunywesha mawe. Ndipo nikaamua kutengeneza vyungu vinavyojimwagilia vyenyewe.

Chungu hicho ni nyumba ya ghorofa. Chini wanapanga maji, juu anakaa nyanya. Unakata bidoni chini kidogo ya mkono wake, unabaki na kitu chenye kina cha sentimeta 32 hivi. Sakafu ya juu unaikata kwenye ubavu wa bidoni nyingine iliyokwisha kufa, unaisimamisha juu ya vipande vitatu vya tiyo (bomba la plastiki), kila kimoja sentimeta 10. Unaitoboa vitundu vidogo vya kupitisha hewa, na katikati tundu kubwa la kupitisha kopo la plastiki, lenye matundu ubavuni, linalogusa chini kabisa. Kopo hilo ndilo mguu wa nyanya. Linajazwa udongo, udongo unanyonya maji na kuyapandisha juu kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Pembeni unasimamisha tiyo ya milimita 32, urefu sentimeta 45, ya kujazia. Ncha yake ya chini ikate mshazari, la sivyo itakaa bapa juu ya plastiki na maji hayatatoka.

Halafu tundu. Tundu moja, nene kama kidole kidogo, kwenye ubavu, sentimeta 8 kutoka chini. Sakafu iko kwenye 10, maji yanaishia kwenye 8, kwa hiyo zinabaki sentimeta mbili za hewa. Hizo mbili ndizo pumzi ya mizizi. Maji yakizidi, yanatokea hapo. Ghala linabaki na lita tano hivi, na juu yake unaingia udongo wa lita 12. Mchanganyiko wangu ni ndoo mbili za udongo, mbili za mboji iliyoiva, moja ya lava iliyosagika na kuchekechwa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu peke yangu, na nalisema haraka kwa sababu halichekeshi. Kwenye kopo nilijaza kokoto za lava, nikidhani zile tundutundu zake zitanyonya kama sponji. Hazikunyonya. Nafasi kati ya kokoto na kokoto ni pana mno, maji hayapandi. Mguu unataka udongo laini, uliolowanishwa, ukashindiliwa kwa ngumi. Na siku ya kwanza unamwagilia kwa juu, ili udongo wote ushikane na unyevu wa chini. Nikafumua vyungu sita, nikaanza upya. Mama mwenye parseli alikuwa anachambua maharagi yake pale mlangoni, ananitazama.

«Mwanangu,» akasema, «na ukimaliza, maji yatakwenda yenyewe mpaka bombani kujichota?»

Nikacheka, nikampa darasa la nusu saa. Mguu, tiyo, sakafu, ghala. Nilifundisha kila kitu isipokuwa tundu. Kwangu tundu lilikuwa jambo la wazi.

Mwanzo wa Septemba nikapata safari ya Bukavu, siku 12. Nyanya zilikuwa bado changa, hazijatoa ua. Katika umri huo lita tano zinaweza kufika wiki nzima. Mche ukishabeba matunda, jua likiwa kali, ni siku tatu au nne tu. Kwa hiyo nikamwachia mama maagizo: «Siku ya tano, mimina maji kwenye tiyo mpaka yajae.» Akaniambia niende kwa amani. Nikapanda boti.

Siku ya tano alimimina. Maji yakajaa, na kama ilivyopangwa, yakaanza kutoka ubavuni. Sasa jiweke mahali pake. Umebeba maji begani, unamimina kwenye bidoni ya jirani, na bidoni inayakojoa yote juu ya lava. Nyingine vilevile. Zote sita! Yule mama alinionea huruma ya kweli. Akawasha jiko, akatia kisu motoni, akachukua kipande cha beseni lililovunjika, akachomelea tundu moja baada ya jingine, akalainisha kwa mgongo wa kijiko. Nimeziona hizo kazi kwa macho yangu. Kiraka mviringo, ukingo umelala bapa, hakuna hata unywele wa nafasi. Fundi wa sokoni hakufikii.

Halafu akamimina tena, mpaka maji yakaonekana kwenye mdomo wa tiyo. Hapo ndipo aliporidhika kwamba yamejaa.

Wiki hiyohiyo mvua za Septemba zikafungua. Vyungu vyangu vilikuwa wazi juu, havina mahali pa kutolea hata tone. Ukiondoa hewa kwenye udongo, mizizi inazama kama mtu, na mzizi uliozama haunywi. Majani yanalegea na kuning'inia, sawasawa na ya mche wenye kiu. Mama akaona majani yamelegea. Unajua alifanya nini. Alifanya asubuhi na jioni.

Nilirudi Jumamosi kwa boti, nimevaa suruali rangi ya maziwa, kwa sababu saa nane nilikuwa na ubatizo. Kabla ya kufika kwenye ukuta wa mawe nilipopanga vyungu, nikasikia harufu ya yai bovu. Mtu wa Goma akisikia harufu ya kiberiti haangalii bustani. Niligeuka kaskazini, nikautazama Nyiragongo. Ulikuwa umetulia, na wingu lake kichwani. Harufu ilikuwa yangu.

«Karibu mwanangu,» mama akasema, anafuta mikono kwenye kitenge. «Nyanya zako zina kiu ya ajabu. Nazinywesha, nazinywesha, hazishibi.»

Niliingiza kidole kwenye udongo. Ulikuwa uji. Nikavuta mche mmoja, ukatoka bila ubishi wowote. Mizizi kahawia, inateleza. Ukiushika mmoja na kuuvuta, ganda lote linavuka kama soksi, unabaki na uzi mwembamba. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, tundu limekwenda wapi.

«Yale matobo? Nilikuzibia yote. Zilikuwa zinavuja.»

Utasema nini? Nikasema aksanti mama.

Kisha nikafanya jambo ambalo mtu aliyesoma chungu hicho mpaka sentimeta hakupaswa kulifanya. Ukuta ule unafika kwenye mapaja. Ndani ya tiyo maji yalikuwa yamefika usawa wa ukingo wa chungu, maana yake kulikuwa na maji yaliyosimama zaidi ya sentimeta 20 juu ya tundu, yanasukuma. Njia sahihi ni kunyonya maji kwa mpira mwembamba kupitia tiyo, taratibu, ukiwa umesimama upande. Mimi nilichukua msumari wa moto, nikapiga magoti mbele ya kiraka, nikasukuma.

Kiraka cha mama kiling'ang'ania, kisha kikaachia chote kwa mpigo mmoja. Maji meusi, ya vuguvugu, yenye wiki moja ya kuoza ndani yake, yakaruka kama ya mpira wa mafundi wanaoosha magari, yakanipata katikati ya suruali, mahali ambapo hakuna maelezo yanayosaidia. Watoto walianguka chini kwa kicheko. Mama alishika kichwa.

«Si nilikwambia inavuja!»

Ubatizoni nilikwenda na suruali ya kazini, na bado kuna aliyehama benchi.

Kati ya miche sita, niliokoa miwili. Nilitoa maji yote, nikaacha tundu wazi na udongo upumue siku nne, nikakata majani ya njano, sikuweka mbolea yoyote mpaka lilipochomoza jani jipya. Vyungu vyote sasa vina plastiki nyeusi juu ya udongo, imefungwa kwa kamba ya mpira, imekatwa msalaba mche upite. Mvua haiingii, na jua haliibi unyevu. Mdomo wa tiyo umefungwa kipande cha chandarua, kwa sababu ghala lisilofunikwa ni hospitali ya uzazi ya mbu. Na kwenye tundu nimechomeka bomba la kalamu iliyokwisha wino, limetokeza sentimeta tatu nje, nikalizungushia plastiki iliyoyeyushwa. Ukilitazama linafanana na kibomba, na bomba hakuna mtu anayeliziba.

Mama hakuliziba. Aliweka beseni chini yake. Mvua ikipenya kidogo, au mimi nikizidisha kumimina, yanayotoka yamepita kwenye mboji, yana rangi ya chai, naye anayapeleka kwenye lengalenga (mchicha) zake nyuma ya jikoni. Zimenenepa hizo, majani kama viganja vya mkono.

Jumatano nilikwenda kununua fungu moja. Aliniuzia kwa bei ya sokoni.