Karakana si ukuta wa kupigia picha

Juzi nimetumiwa tena picha ya karakana ya nyumbani, ile ya kutamanisha. Ukuta umepakwa rangi. Patasi zimening'inizwa kwa kufuata ukubwa, na nyuma ya kila chombo pamechorwa umbo lake, eti kisipotee njia kikirudi. Sakafu inang'aa, hakuna hata chembe ya maranda iliyodondoka. Halafu kule kona, mgongo ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, umesimamishwa msumeno wa meza. Na watu wanasifu!

Mimi nina swali moja tu: ubao unatokea wapi?

Maana kwenye msumeno wa meza kinachosafiri ni ubao. Shiti ya kawaida ya plaiwudi ina milimita 2440 kwa 1220. Ukiipasua kwa urefu, inataka karibu mita mbili na nusu kabla ya kufika kwenye diski, ile ya meno inayozunguka katikati ya meza, na nyingine kama hizo baada ya kuipita. Hizo ni mita 5, na bado hujahesabiwa wewe unayesukuma. Kama chumba chako ni cha mita 6 kwa 3, kina mstari mmoja tu unaotosha kazi hiyo. Mmoja! Na watu wanauziba kwa kabati la kuwekea misumari.

Aliyewahi kusukuma shiti peke yake bila meza ya kuipokea upande wa pili atanielewa. Nusu ya kwanza inakwenda vizuri, hata unapiga mluzi. Ikishapita katikati, uzito unahamia kule, ncha ya mbali inainama na huku kwako inanyanyuka. Unaikandamiza kwa viganja, kifua kinalala juu ya meza, miguu haikanyagi tena sawasawa. Shiti inapinda kidogo tu, na ule mfereji uliokatwa unaibana diski. Meno ya nyuma ya diski yanapanda juu yakielekea kwako, kwa hiyo yakishaudaka ubao yanaurudisha kwa kasi tumboni mwako kabla hujapata hata nafasi ya kushtuka. Kile kisu kinachosimama nyuma ya diski kuzuia mfereji usijifunge kinasaidia sana, na anayekivua kwa sababu "kinasumbua" sijui anamkomoa nani. Ila kisu hakibebi uzito wa shiti. Kazi hiyo ni ya meza.

Kwa hiyo anza na mstari huo, vyombo vitafuata. Chora chumba kwenye karatasi kwa kipimo cha 1:20, kisha kata kipande cha boksi cha sentimita 12.2 kwa 6.1. Hiyo ndiyo shiti yako. Kitelezeshe kuanzia mlangoni, kifike kwenye msumeno, kipite, kitoke. Kikigonga kitu, hamisha hicho kitu. Chumba kikiwa kifupi, geuza msumeno ili ubao mrefu utokee mlangoni. Jirani akiuona unachungulia nje, na aone. Meza ya kazi iweke nyuma ya msumeno, uso wake uwe chini ya ule wa msumeno kwa milimita 2 au 3, ipokee mbao na baadaye uunganishie makabati juu yake. Mashine ya kupunguza unene iingie kwenye mstari huohuo, kwa kuwa nayo inameza ubao huku na kuutema kule. Drili ya kusimama haina makuu, ipeleke ukutani.

Najua kuna atakayesema yeye shiti anaipunguzia sakafuni kwa msumeno wa umeme wa mkononi, ndipo anapeleka vipande mezani. Haya, nakubali, na kwa chumba kidogo pengine ndiyo njia ya busara zaidi. Lakini hata huko sakafuni unahitaji sakafu! Na anayefanya kazi kwa randa na patasi za mkono tu, ule ukuta unamfaa kweli, kila chombo hatua moja kutoka kwenye jiliwa, kile kibanio cha kushikia ubao. Huyo simgusi.

Vumbi la mbao limo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, kwa mujibu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, kwa hiyo mashine ya kulivuta vumbi inakuja kabla ya rangi ya ukuta. Vanishi ipakwe mbali na msasa. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandazwe yakauke. Yakirundikwa hujipasha joto yenyewe hadi yakawaka.

Na umeme uvutwe mwisho, mashine zikishapata mahali pake. Wengi wanaanza na soketi, kisha mashine zinafuata soketi, kisha waya wa kuongezea unakatiza katikati ya sakafu, palepale anapopita mtu aliyebeba ubao wa mita 3 asiyeiona miguu yake.