Mdogo wangu hakuzaliwa njiti

Juma lililopita shoga yangu mmoja aliniita kwake nikamwone mtoto. Ana miezi minne, hakumzaa yeye, amekabidhiwa amlee baada ya safari ndefu ya barua, mahojiano na maafisa ustawi wa jamii kuja kuikagua nyumba. Nilimpakata, nikamwombea dua, nikafurahi kutoka moyoni, maana naijua miaka aliyosubiri. Kisha akanivuta jikoni, akaninong'oneza: "Dada, mwezi ujao tunahama. Tuendako hakuna anayetujua. Huyu hatajua kamwe."

Chai ilinishinda kunywa. Nimekaa na maneno yale siku saba, na leo nayaandika ya nyumbani kwetu, kwa ruhusa ya mwenyewe aliyetendewa.

Kwetu Tanga tulilelewa watatu. Mimi, kaka yetu aliyezaliwa Machi, na mdogo wetu wa kike aliyezaliwa Novemba ya mwaka uleule. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaiweza, na mdogo wangu aliipiga akiwa darasa la nne. Akamfuata mama uani, akamwuliza imekuwaje. Mama akamjibu bila kuinua uso kwenye sufuria: "Wewe ulizaliwa njiti."

Jibu lile likamwingia mwilini. Aliamini ana mapafu ya njiti na moyo wa njiti. Netiboli alikataa. Wenzake wakienda kuogelea Raskazone, yeye alibaki anawalindia nguo. Homa kidogo tu, analala, anasema hakuiva vizuri tumboni. Kumbe alitimiza miezi yake tisa kamili, kama mimi.

Mama yake alikuwa binti wa kazi nyumba ya tatu kutoka kwetu, ametoka milima ya Usambara. Alifariki kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Mwanamume aliyempa ile mimba hakujitokeza. Mama yangu alikuwa bado anamnyonyesha kaka yetu, akamchukua kichanga siku hiyohiyo akampa ziwa. Kwa dini yetu, ziwa lile lilimfanya mwana wa mama na mwana wa baba, na ndugu yetu hasa. Ndugu wa kunyonya hatuoani. Lakini pia haturithiani.

Baba alifariki mdogo wangu ana miaka 19. Baada ya arubaini watu wakaketi kuandika muhtasari wa kikao cha ukoo, wa kupelekwa Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Ami akasoma warithi: mke, mtoto wa kiume, mtoto wa kike. Akakunja karatasi. Mdogo wangu, akidhani mzee kapitiwa, akasema kwa upole: "Ami, umeniruka." Hakuna aliyejibu. Shangazi mmoja ndiye aliyekuja kuvunja kimya: "Mwanangu, wewe humu umelelewa tu."

Akageuka kumtazama mama. Mama alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Swali la kwanza alilouliza mdogo wangu halikuhusu nyumba wala minazi. Aliuliza: "Basi mimi naitwa nani?"

Najua mtakaloniambia: angeambiwa mapema angeumia vilevile. Angeumia, ndiyo. Angeumia akiwa na miaka minne, juu ya paja la mama, andazi mkononi, na kesho yake angeuliza tena, na keshokutwa tena, mpaka jambo likazoeleka kama jina la mtaa. Anayeambiwa na miaka 19, mbele ya ukoo mzima, huanza kurudi nyuma kukagua kila kitu. Mdogo wangu alinipigia usiku wa manane miezi mingi kuuliza vitu vidogo vidogo. Ile nguo ya Idi aliyoshonewa tofauti na yangu, kitambaa kiliisha kweli? Baba alipomsamehe kuvunja redio, alimpenda au alimwonea huruma? Nilimjibu kila mara. Hakuniamini, na sina haki ya kumlaumu, kwa sababu na mimi nilijua tangu nina miaka kumi nikanyamaza.

Sisi Waislamu ndio tusio na udhuru kabisa katika hili. Zaid bin Haritha alilelewa nyumbani kwa Mtume, watu wakamzoea kwa jina la Zaid bin Muhammad, mpaka iliposhuka aya katika Suratul Ahzab kuamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Akarudi kuwa bin Haritha, na hakupungukiwa mapenzi hata chembe. Kafala, yaani ulezi wa mtoto usiye mzazi wake kwa utaratibu wa Kiislamu, yote imesimama juu ya ukweli huo: mtoto analelewa, anasomeshwa, anapendwa, na nasaba yake anabaki nayo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kafala kwa jina. Zanzibar wameiweka katika Sheria ya Mtoto ya 2011. Sisi tumechukua ulezi, ukweli tumeuacha mlangoni.

Na tazameni siri ilivyofanya kazi. Baba alimpenda yule mtoto, nitalisema hilo mpaka kufa kwangu. Dini ilimruhusu kumwandikia wasia hadi theluthi ya mali yake, kwa sababu wasia ni wa asiye mrithi. Hakuandika. Angeandikaje? Kumwandikia wasia ni kutamka kwamba si mrithi, na kulitamka hilo ndiko kufichua. Miaka 19 alikuwa na kalamu mkononi, siri ikamshika mkono.

Tulipogawana, mimi, mama na kaka tulitoa katika mafungu yetu tukamkabidhi. Suratun Nisaa inasema mayatima na jamaa wakihudhuria mgawanyo wapewe kitu, na waambiwe maneno mema. Kile kitu kilipatikana. Maneno mema yalichelewa miaka 19.

Walioasili mahakamani watasema yao ni tofauti. Kwa upande wa mali nakubali, maana kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania Bara mtoto anahesabiwa kama aliyezaliwa na wazazi wale. Haya ya urithi Waislamu wanajadiliana na masheikh wao, sitayamaliza hapa. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mzazi amjulishe mtoto kwamba ameasiliwa, ikiwa ni kwa manufaa yake na akiwa ametimiza walau miaka 14, na inakataza mtu mwingine kumwambia. Nani mtaani anangoja miaka 14? Muuza genge anajua. Msusi anajua. Watoto wa madrasa wanajua kabla ya kumaliza juzuu ya kwanza. Mdomo wa shangazi haujawahi kuzuiwa na kifungu cha sheria, na mtoto wa miaka 14 ana mtihani wa balehe tayari, hahitaji kuongezewa huu.

Mama namwelewa, ingawa kwa shida. Aliliogopa neno mwanaharamu. Alilisikia likirushwa kwa watoto wa wenzie pale bombani, akaona bora njiti. Ila woga ule ulikuwa wa mama, na aliyeulipia ni mtoto.

Jambo moja zaidi, maana linanichoma. Acheni kuwaambia wanawake wanaolea kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mdogo wangu alipougua taifodi, mama alilala sakafuni wodini usiku tisa.

Leo mdogo wangu ana miaka 27. Mwaka jana alipanda Lushoto kutafuta watu wake. Alimkuta mama yake mkubwa, mwanya uleule wa meno ya mbele, wakatazamana wakacheka kabla hawajasalimiana. Alionyeshwa kaburi. Aliporudi alimletea mama viazi na kabichi, akamwita mama kama siku zote, na jioni alitoka kukimbia ufukweni.

Shoga yangu nilimwandikia haya yote. Nikamwomba asingoje mtoto aelewe, aanze sasa, wakati wa kumwogesha, kumsimulia alivyomwendea na nani alimzaa, ili mdomo wake mwenyewe uzoee kwanza. Hakunijibu siku tatu. Jana usiku akapiga. Akasema amejaribu mara moja, mtoto akiwa amelala, na sauti ikamkauka katikati. Nikamwambia leo ajaribu tena.